Mtu wa Kuja Naye

Basi la mizigo kutoka Dar es Salaam lilichelewa siku hiyo, na stendi ya Kange, Tanga, ilikuwa imefurika. Wapiga debe waligombea abiria wa Lushoto na Horohoro, muuza bajia alikuwa akigeuza karai lake huku jasho likimtiririka, na mbele ya dirisha la kupokelea mizigo watu walibanana hadi mtu akikohoa mwenzake anatikisika. Katikati yao alisimama mwanamke mrefu, kavaa buibui jeusi lenye nakshi za kijani mikononi. Udi aliojifukiza asubuhi ulishindana na harufu ya dizeli, na ulikuwa unashinda.

"Samahani, bibie," sauti ya mwanamume ilisema nyuma yake. "Udi huo umetoka wapi? Nimesahau kabisa kama niko stendi."

Mwanamke hakugeuka. "Umetoka dukani kwangu. Ukiutaka, njoo na pesa."

"Na nikija mikono mitupu?"

"Utanusa mlangoni, kisha utakwenda zako."

Mwanamume akacheka kwa sauti hadi watu wakawatazama. Hapo ndipo alipogeuka. Aliona mtu wa makamo, shati lake la kitenge limenyooka kwa pasi, bisibisi mbili zikichungulia mfukoni.

"Naitwa Sadalla," akasema. "Fundi mafriji, Mabawa. Nangoja kompresa."

"Jumana. Nangoja mabuibui."

Walingoja pamoja hadi adhuhuri, na mizigo ilipofika kila mmoja aliona basi limewahi mno.

Jumana alikuwa na miaka arobaini na mitatu. Ukoo wao ulitoka Omani zamani, ukafanya biashara Tanga, na nyumba yao ya Barabara ya Sita iliwahi kulaza watu hadi ukumbini. Wazazi walifariki, shangazi wakafariki, binamu wakahama mmoja mmoja. Ndugu yake wa pekee, Himyar, alikwenda Muscat akiwa kijana, akaoa na kubaki huko. Jumana aliolewa mara moja, akaachwa baada ya miaka miwili, akarudi nyumbani. Sasa vyumba vilifungwa kwa kufuli, naye alilala kimoja, akapika sufuria ndogo, akala akitazama simu. Dukani alizungumza na watu kutwa nzima. Akishafunga, hakusikia sauti ya mtu hadi kesho yake.

Kwa hiyo Sadalla alipoanza kupiga simu kila baada ya isha, Jumana alijifanya amechoka, lakini simu ilikuwa mkononi kabla haijalia.

"Umekula nini leo, laazizi?"

"Nani laazizi wako? Nimekula wali na kunde."

"Mimi nimekula mishkaki ya Barabara ya Kumi."

"Jana mishkaki, juzi mishkaki. Wewe ni mtu au simba?"

"Simba asiye na mpishi. Nionee huruma."

"Na sigara je? Nakusikia unavyovuta pumzi."

"Ukinikataza nitaacha."

"Mimi ni nani hata nikukataze?"

"Ndilo ninalongoja uniambie," Sadalla akasema.

Himyar alipiga Jumatatu asubuhi, Jumana akifungua duka. Si kawaida yake. Siku yake ilikuwa Ijumaa.

"Uko peke yako?"

"Mimi siku zote niko peke yangu, kaka. Sema."

"Wamenikuta na saratani. Utumbo mpana."

Jumana akaketi juu ya marobota ya vitambaa.

"Nilikuwa natoka damu chooni tangu mwaka jana," Himyar aliendelea. "Nikasema ni bawasiri, nikanunua dawa ya kupaka. Niliona aibu kumwambia hata mke wangu. Sasa imeshafika kwenye ini. Nina miaka hamsini tu, Jumana. Daktari akaniuliza baba yetu alikufa na nini. Nikasema tumbo. Akasema, tumbo gani? Sikuwa na jibu. Sote tulisema tumbo, tukamzika, tukanyamaza."

"Kaka..."

"Nisikilize. Anasema ndugu wa damu apimwe akifika arobaini, hata kama ni mzima. Wewe umeshapita."

"Lakini mimi siumwi."

"Ndiyo maana nakupigia. Mimi nilingoja hadi niumwe."

Hospitali moja ya binafsi pale mjini ilikuwa na daktari bingwa aliyekuja kutoka Moshi mara moja kwa mwezi. Muuguzi, dada mmoja mnene mwenye sauti ya upole aliyeitwa Anastazia, alimweleza Jumana kila kitu bila kupepesa macho. Wangempitisha kamera ndogo kwenye njia ya haja kubwa, waangalie utumbo wote. Siku moja kabla asile, anywe dawa ya kusafisha tumbo.

"Na siku yenyewe tutakuchoma dawa ya usingizi," Anastazia akasema. "Kwa hiyo usije peke yako. Uje na mtu wa kukurudisha nyumbani."

"Mtu gani?"

"Yeyote, dada yangu. Mume, mtoto, jirani."

Jumana akaitikia kwa kichwa, kana kwamba watu hao wamejaa kwake hadi mlangoni. Njiani aliwafikiria wote aliowajua. Jirani wa kulia angefikisha habari msikitini kabla ya alasiri. Wateja wake walimpenda, ila hakuna hata mmoja aliyewahi kumuuliza anakaa na nani. Alibaki Sadalla.

"Alhamisi una kazi?" alimuuliza kwenye simu.

"Nina friji la bucha moja Nguvumali. Kwani?"

"Liache. Nataka unisindikize mahali."

"Wapi, habibty? Kwa kadhi?"

Jumana alicheka, kisha akaikumbuka ile kamera. Mwanamume anayekuita hivyo unamwambiaje jambo kama lile? "Nitakwambia siku hiyo hiyo," akasema.

Jumatano alifunga duka mapema. Alikunywa bilauri ya kwanza ya ile dawa, yenye ladha ya chumvi na limau bovu, kisha ya pili, na tumbo likaanza kunguruma. Himyar alikuwa kwenye simu, sauti imefunguliwa yote, simu imewekwa juu ya meza ya ukumbini.

"Kunywa, habibty. Maliza yote. Mimi niko hapa."

Jumana alikimbilia chooni, akarudi, akanywa, akakimbia tena.

Wakati wa magharibi Sadalla alifika na bakuli la samaki wa kupaka, amevaa kanzu nyeupe na kofia ya kiua. Aligonga. Hakuna aliyejibu, lakini ndani taa ilikuwa inawaka. Alisikia maji yakimwagika, miguu ikikimbia, halafu sauti ya mwanamume, nzito na yenye mapenzi: "Pole, habibty. Jikaze. Leo siondoki."

Sadalla alisimama na bakuli lake. Mkewe wa kwanza alimwacha akafuata mwingine, naye alijua habari hiyo kwa kusimama nje ya mlango vivyo hivyo. Hakugonga tena. Aliweka bakuli barazani, paka wakalisogelea kabla hajafika kona ya mtaa.

Ujumbe wake ulimkuta Jumana ameegemea ukuta wa choo: *Kesho sitakuja. Usinitafute.*

Alipiga. Simu ilikuwa imezimwa. Alipiga tena asubuhi, buibui ameshalivaa, bajaji inangoja nje.

"Uko na nani?" Anastazia aliuliza.

"Peke yangu."

Daktari aliitwa. "Bila mtu siwezi kukupa usingizi," alisema. "Tuahirishe hadi mwezi ujao, au tufanye ukiwa macho. Yatakuwepo maumivu, ila si ya kutisha."

Jumana alijua kwamba akitoka pale hatarudi. "Nifanyieni," akasema.

Alilala ubavu wa kushoto, magoti yamekunjwa kifuani. Anastazia alimshika mkono bila kuombwa, na Jumana akakumbuka kwamba hakuwa ameshikwa mkono na mtu tangu siku ya maziko ya mama yake. Kwenye skrini aliona njia ya waridi, yenye unyevunyevu, ikijipinda mbele ya kamera. Hewa ilimjaa tumboni, akauma shuka.

"Pumua, dada," Anastazia alinong'ona. "Pumua taratibu."

Daktari aliisimamisha kamera ghafla. "Kipo hapa." Kinyama kidogo kilichoota ukutani kama uyoga. Mbele kidogo kulikuwa na kingine. Uzi mwembamba wa chuma ukakizunguka cha kwanza, ukakikata, kisha cha pili, na mkato wenyewe Jumana hakuusikia.

"Ni saratani?"

"Maabara ndiyo itasema. Lakini vinyama hivi ndivyo vinavyogeuka vikiachwa miaka mingi. Leo vimetoka."

Nje, mzee mmoja aliyefanyiwa kabla yake alikuwa akivalishwa viatu na mkewe, wakibishana kwa sauti ndogo kuhusu soksi. Jumana alikaa kwenye benchi kuwatazama hadi walipoondoka. Akapanda bajaji, akafika nyumbani, akapika uji. "Alhamdulillahi," alisema kwa sauti, na ukumbi wote ukamrudishia kimya.

Sadalla hakupiga wiki ile, wala iliyofuata. Majibu yalipotoka Jumana aliyasikiliza peke yake: si saratani, ila ni aina inayoweza kugeuka, kwa hiyo arudi baada ya miaka mitatu. Apunguze nyama nyekundu, azidishe mboga, kunde na dona, atembee kila siku. "Hayo yanasaidia sana," daktari alisema, "lakini kwa ukoo kama wenu, kupimwa usikuache."

Jumana alimpigia kaka yake, na Himyar alilia kwa furaha. Kisha akauliza, "Nani alikupeleka?"

"Hakuna."

"Si ulisema kuna bwana mmoja?"

"Hakuja."

"Nipe namba yake."

"Kaka, achana naye."

"Jumana. Nipe namba."

Sadalla alikuwa amechuchumaa nyuma ya friji karakanani kwake alipopokea simu.

"Wewe ndiye Sadalla?" Aliitambua sauti ile neno la kwanza tu, damu ikampanda.

"Na wewe ndiye bwana wa Jumana! Nilikusikia kwa masikio yangu, siku ya Jumatano, ukimwita habibty ndani ya nyumba yake!"

"Mimi ni kaka yake," sauti ilisema polepole. "Naitwa Himyar. Nimelala hospitali Muscat, nina saratani ya utumbo. Jumatano ile nilikuwa kwenye simu, namsimamia anywe dawa ili kesho yake akapimwe. Alitakiwa aende na mtu. Mtu huyo alikuwa wewe."

Bisibisi ilimtoka Sadalla mkononi.

Alikwenda dukani alivyokuwa, grisi hadi kwenye viwiko. Jumana alikuwa akikunja buibui, hakuinua macho.

"Ungeniambia, Jumana."

"Nikwambie nini? Kwamba kesho watanipitisha kamera makalioni, njoo unisubiri nje?"

"Ndiyo. Maneno hayo hayo. Ningekuja."

"Kaka ameniambia ulikuja. Ukagonga mara moja." Akaliweka buibui juu ya meza. "Nililala pale macho wazi, Sadalla. Nilisikia kila kitu. Hata mume wa mtu alikuwa anavalishwa soksi. Mimi nilivaa viatu vyangu, nikaenda zangu."

"Nilikuogopa," Sadalla akasema. "Niliogopa kuachwa, nikaanza mimi."

"Nenda kwako," Jumana akamwambia. Akaenda.

Lakini kesho yake, Jumana alipotoka baada ya alfajiri kutembea hadi Raskazone kama daktari alivyomwagiza, alimkuta mtaani na raba mpya miguuni. Sadalla alitembea nyuma yake tu. Siku ya nne Jumana alisimama.

"Unanifuata kama polisi. Tembea hapa."

Wakatembea sambamba. Sadalla alimwambia ameacha sigara, na kwamba kifua kinamdai kila akinywa chai. Alimwambia pia, akitazama bahari ili asimtazame yeye, kwamba ameshapita arobaini na tano na amepeleka choo chake kupimwa kama kina damu isiyoonekana kwa macho. Hakikuwa nayo.

"Nani alikwambia ukapime?"

"Shemeji."

"Shemeji yako nani?"

"Himyar. Jana nimemposa dada yake."

Jumana alitaka kukasirika. Badala yake alifunika uso kwa ncha ya mtandio, mabega yakamtikisika, na Sadalla hakuweza kujua kama analia au anacheka.

Ndoa ilifungwa sebuleni Barabara ya Sita, Ijumaa, baada ya sala. Vyumba vilifunguliwa, madirisha yakafutwa vumbi. Himyar ndiye aliyekuwa walii wa bi harusi. Hakuweza kusafiri, hata kukaa hakuweza, hivyo sheikh Idarusi aliishika simu juu ya kiganja ili mashahidi wasikie.

"Nimekuwakilisha, sheikh," sauti ilisema, ikipumzika baada ya kila neno. "Umuozeshe dada yangu Jumana."

Vigelegele vikapasuka. Jumana, katika gauni la rangi ya maziwa na hina hadi viwikoni, aliichukua simu akaingia nayo chumbani.

"Kaka, umesikia?"

"Nimesikia. Mumeo ana sauti kubwa."

"Pumzika sasa."

"Miaka mitatu, Jumana. Utarudi kupimwa?"

"Nitarudi."

"Sitakuwepo kukukumbusha."

"Usiseme hivyo."

Jumana alisikia pumzi za Himyar, fupi fupi, kisha ndefu. Kaka alikuwa amelala, simu imebaki wazi juu ya mto wake huko mbali. Jumana alikaa ukingoni mwa kitanda, simu sikioni. Ukumbini walikuwa wanaimba na kuita bi harusi atoke.

Mlango ukafunguliwa. Sadalla alimtazama, akaelewa, akaufunga nyuma yake. Aliketi kando yake, akainamisha sikio lake kwenye simu hiyo hiyo, na wote wawili wakamsikiliza yule mtu akipumua.