Mabomba Kumi na Manane

Mabomba kumi na manane ya kinanda cha kanisa yalikuwa yametoweka, na hakuna kufuli iliyovunjwa.

Inspekta Nassra alikitazama kinanda. Fundi Kheir alikuwa akikiunda upya kwa vipande vya vinanda viwili vikuukuu. Safu ya mbele ilikuwa imejaa. Ya nyuma ilibaki matundu matupu.

"Ufunguo anao nani?"

"Mimi na mlinzi, Ubwa," alijibu fundi, macho chini.

Jioni, nyumbani kwa Ubwa huko Fumba, polisi walikuta ndoo ya vipande vya madini laini, kama ya mabomba.

"Kanipa fundi, nifanyie chubwi za kuzamishia wavu," alisema Ubwa. "Mwulizeni."

Nassra alirudi kanisani kuuliza.

"Sikumpa kitu," alisema fundi.

Ubwa akatiwa mahabusu.

Asubuhi Nassra aliimwaga ndoo mezani. Jana aliimulika kwa tochi, akatosheka. Sasa aliokota kimoja kimoja. Zilikuwa pete nyembamba, kumi na nane, zimekatwa sawasawa, kila moja na mstari wa penseli ukingoni. Mwizi wa vyuma chakavu angeyaponda mabomba, asingeyapima.

Akaenda kanisani na pete moja.

"Shikamoo, Mzee Kheir."

"Marahaba."

"Penseli ya nani hii?"

Fundi aliishika pete, akaketi.

"Mabomba yako wapi?"

"Chini ya jukwaa la kwaya. Nimeyafunga mablanketi."

"Kwa nini?"

"Nimeyaharibu. Mengine yote niliyapima sauti mchana, na joto. Haya niliyapima asubuhi, mvua imetoka kunyesha. Bomba likipoa, sauti hushuka. Nikadhani ni marefu, nikayakata, pete nikampa Ubwa. Mchana yakalia juu, hayapatani kabisa na mengine. Yameishi miaka mia, mwanangu. Mimi nimeyamaliza kwa saa mbili."

"Ungesema."

"Nani angenipa kazi tena? Mji mzima wananiita bingwa. Nikaona afadhali yawe yameibiwa."

"Na Ubwa?"

Fundi aliizungusha pete kidoleni.

"Uliponiuliza, nlitaka kusema nlimpa. Mdomo ukasema sikumpa. Kila asubuhi huniletea chai, yule. Hilo la mabomba ni aibu tu. Hili la Ubwa..."

Nassra hakumsaidia kumaliza. Yeye mwenyewe jana alimfunga mtu pingu mbele ya wanawe, kwa neno moja la fundi na tochi ya dakika moja.

Kituoni, Ubwa alitolewa mahabusu, viatu mkononi. Alipomwona fundi, uso ukamchanuka.

"Nliwaambia hawa!" alisema, akimcheka Nassra. "Fundi akipata habari tu, atakuja mwenyewe kunitoa. Sikukwambia, Bi Inspekta?"



Nassra alimvutia Ubwa kiti.

"Mwambie, mzee," alisema. "Ukimaliza, nami nina langu la kumwambia."