Tumbili Wanaokula Udongo Nyuma ya Nyumba

Fundi cherehani alikuwa mtu wa vicheko. Alishonea kibarazani nyuma ya nyumba, karibu na msitu. Tumbili wakija, aliwarushia mikate na biskuti. "Wageni wangu hao," aliwaambia wateja.

Mchana mmoja aliinua kichwa. Bintiye wa miaka mitatu, Kibibi, hakuwepo. Alichungulia nyuma ya ukuta.

Mtoto alikuwa amechuchumaa kwenye tuta, katikati ya tumbili. Tumbili walikwangua udongo, wakala. Naye alikwangua, akala. Dume kubwa likamtolea fundi meno.

Alitaka kupiga yowe. Mkono ukamshika bega. Alikuwa jirani yake, askari wa wanyamapori, mama mtu mzima aliyeleta sare ishonwe.

"Usipige kelele, mwanangu. Usilikazie macho dume hilo. Mwite mtoto taratibu."

Fundi aliinamisha macho, akaita taratibu. "Kibibi... njoo kwa mama."

Mtoto akageuka. Dume likasogea hatua moja. Kibibi alikuja polepole mno, mdomo mwekundu kwa udongo.

Fundi alipomkumbatia ndipo alipolia. "Wana wazimu hawa? Wanakula udongo!"

"Hawana wazimu. Biskuti si chakula chao, huenda zinawavuruga tumbo. Tunadhani udongo unawatuliza. Lakini wewe ndiye uliyewazoesha kuja hapa."

"Mimi?"

"Wewe. Na wanajisaidia hapo hapo. Udongo huo unaweza kuwa na mayai ya minyoo. Mpeleke mtoto kliniki leo leo."

Kliniki walimkagua kama ameng'atwa au kukwaruzwa. Hakuwa na jeraha. Walimpima choo, wakampa dawa ya minyoo.

Fundi alinunua pipa la taka lenye mfuniko. Hakurusha tena hata makombo. Wiki ya kwanza tumbili walikasirika, wakagonga bati la paa, wakachungulia dirishani. Alishonea ndani, mlango umefungwa, Kibibi miguuni pake, sindano ikimchoma vidole. Wiki ya pili wakapungua. Mwezi haujaisha, walikuwa juu ya miti, wakila majani na matunda yao.

Tumbo la Kibibi, lililomuuma siku mbili baada ya kula udongo ule, likatulia. Akajua kunawa kwa sabuni kila akitoka kucheza.

Jirani alipofuata sare yake, aliuliza, "Sasa huwaogopi tena?"

"Nawaogopa, mama," fundi alijibu. "Ndiyo maana siwaiti."