Neno Moja kwenye Barua ya Tone

— Soma kwa sauti.

Tone alimsogezea simu juu ya meza ya maabara, katikati ya chupa alizozibandika lebo kwa mwandiko wake mdogo. Mkuu wa maabara akaitazama. Ilikuwa barua ya kumdhamini Tone chuoni, aliyoiandika yeye mwenyewe.

— Umeitoa wapi hii?

— Soma kwanza, mpenzi.

— "Ni mkemia mwenye nidhamu. Anawahi kazini. Anajitahidi."

— Rudia hilo la mwisho.

Anajitahidi. Nani asiyelijua? Ndilo neno ambalo mwalimu humwandikia mtoto wa mkiani ili mzazi asilie. Naye aliliandika kuhusu mchumba wake, mwanamke aliyebatizwa jina la Tone pale maabara kwa sababu hakuna aliyejua kupima tone la mwisho kama yeye. Dawa ya kusafisha maji iliyowashinda wote pale, mkuu akiwemo, ni Tone aliyeipata.

Vyuo vikuu vitatu vilikuwa vimemnyima nafasi ya utafiti wa baada ya uzamivu. Kila jibu lilipoingia alilia begani kwa mwanaume huyuhuyu, naye bila haya akimpangusa machozi: "Pole, mama. Riziki yako haiko huko."

— Jana amenipigia profesa wa chuo cha nne, Tone alisema. Kaniambia, "Binti yangu, nimesoma andiko lako, nikasoma na barua ya mdhamini wako, nikadhani ni watu wawili. Najua si utaratibu, ila nakutumia uione." Kumbe kikulacho ki nguoni mwako.

— Tone, niliogopa. Harusi imebaki miezi miwili, wewe uende miaka mitatu?

— Si ungesema "usiende"?

— Ungekaa?

— Ningekaa.

Alilisema bila kupandisha sauti, na ndilo lililomchoma.

— Kila nilipotuma maombi nilikuuliza, "Niende?" Mara nne! Nikawa nasubiri useme hapana. Wewe ukanijibu, "Nenda, mpenzi, nitakuandikia barua nzuri."

Mkuu akaisogeza simu pembeni. Ni kweli aliulizwa. Alitaka aonekane mwanaume mwenye moyo mkubwa, na mchumba asiende pia. Mtaka yote hukosa yote.

Tone akavua glavu. Kila asubuhi kabla ya kuzivaa aliivua pete na kuiweka kwenye kisahani cha kioo kando ya mizani, na jioni akaivaa tena. Siku hiyo alinawa mikono, akachukua mkoba, akatoka. Pete ikabaki kisahanini.

Mkuu aliandika barua nyingine palepale, kurasa mbili, bila kuficha lolote, hata kwamba Tone alimzidi yeye. Profesa akamjibu kwa mstari mmoja: "Asante, lakini nafasi nilishampa. Kazi yake ilimdhamini."

Wiki tatu baadaye, siku ya safari ya Tone, mkuu akamtumia ujumbe: "Nimeandika upya barua yako. Nimesema kweli yote. Nakupenda, nimejuta mno. Nisamehe, mama."

Alisimama kando ya mizani, simu mkononi, akisubiri. Jibu likaingia.

"Profesa alinionyesha. Umejitahidi."