Uso wa Afaf Uliokataa Kutulia

Niliitwa Kibokoni, mtaa wa Mji wa Kale, magharibi ikikaribia, nimpige picha bibi arusi. Kazi ya muda mfupi tu. Mwaka ule wa tisini na tisa watu walikuwa wakisema, "Mwiteni Naomi wa kamera ya disketi." Nyumba za Mji wa Kale ziliipenda kuliko nilivyoipenda mimi: picha huonekana papo hapo kwenye kioo cha nyuma, hakuna filamu ya kupeleka studio, basi hakuna mwanamume wa kumuona binti yao bila buibui.

Shangazi wa bibi arusi, Bi Areej, alinipandisha ghorofani. Chumba kilijaa moshi wa ubani. Afaf mwenyewe alikuwa kitini, mikono imechorwa piko, macho chini kama ada inavyotaka. Hata kope haikucheza.

"Bwanake yuko Maskati, aingoja picha," Bi Areej alininong'oneza. "Hatoki mtu humu mpaka itoke nzuri."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akatoka, na ufunguo ukazunguka kwa nje.

Picha ya kwanza: pazia, mto, asumini, vyote safi. Uso wa Afaf, ukungu mtupu.

Nikajilaumu. Mwanga mdogo mno. Kamera hizi zina deko. Nikaiweka juu ya meza, nikazuia pumzi. Ya pili... ya tatu... Uso umevutika kushoto na kulia.

Kushoto na kulia.

Nilimtazama. Ametulia tuli. Lakini kinachotoka ukungu pichani ni kile kinachosogea. Hilo nalijua, ndilo linalonilisha. Na mtu akitikisa kichwa kukataa, hutoka hivyo hivyo.

Niliogopa, sisemi uongo. Nikausukuma mlango, haukutingishika. Madirisha yana nondo. Chini wanawake walikuwa wakiimba, hata ningepiga ukelele wangedhani ni kigelegele.

"Afaf," nikanong'ona. "Wataka kutoka?"

Nikabonyeza.

Safari hii uso ulivutika juu na chini. Alikuwa akiitikia.

Nikamshika mkono nimwinue. Ulikuwa na joto, lakini mzito, kama kuna mtu anayeuvuta upande wa pili. Machozi yakanitoka. "Nani kakufunga, mdogo wangu? Nionyeshe."

Nikabonyeza tena.

Picha ikatoka safi, kila unyusi. Pale kitini alikuwa bado ameinamisha macho. Kwenye kamera yalikuwa wazi, yametumbuliwa, yakitazama nyuma ya bega langu.

Ubao wa sakafu ukalia...

"Imetoka?"

Sauti ya Bi Areej, sikioni kwangu. Na mlango ulikuwa bado umefungwa.

Akaichukua kamera mikononi mwangu, akaitazama kwa muda. "Mashaallah," akasema. "Sasa katulia."

Ndipo wanawake walipofungua, wakaingia na vigelegele, wakamteremsha. Afaf alitembea vizuri, taratibu, kichwa kimeinama, na kila mtu akasifu haya zake. Niliwaambia kuwa hataki. Wakanipa halua.