Bwawa Lisilopigiwa Hodi

Asubuhi hiyo vyura walikuwa kimya. Si kawaida. Bwawa la kuogelea la nyumba ile ya wageni halikuwahi kutiwa dawa. Maji yake yalisafishwa na matete na changarawe, na vyura wake walikuwa na kelele kuliko wageni wenyewe. Ndiyo maana mtunzaji wake aliitwa Bwana Vyura, na jina alilipenda.

Sababu ya ukimya alikuwa anaijua. Kila mwaka kabla ya joto kali, kazi ni kupunguza matete na kuzoa tope kwa mikono, na baba mkwe wake, aliyemwachia kazi, alimkanya: usitie mguu kabla ya kupiga hodi, humo mna wenyewe. Miaka yote alipiga hodi huku akicheka. Mwaka huu kiuno kilimuuma, uvivu ukamshika, akamimina dumu zima la klorini kwenye matete, kimyakimya. Maji yakang'aa, mwenye nyumba akamsifu. Majuto ni mjukuu, lakini yake hayakungoja hata jioni: alipokuwa akizoa vyura waliokufa, aliona katikati yao vitu vidogo vyeupe vyenye vidole vitano vitano. Alivifukia bila kuvitazama mara ya pili.

Harufu ya klorini ikamfuata nyumbani. Mkewe aliinusa kwenye mto wa kulalia, kwenye uji, kisha kwenye nywele za binti yao wa pekee. Mtoto akaanza kukohoa maji.

"Umefanya nini kule bwawani, mume wangu?" mkewe alimuuliza kwa sauti ya chini.

"Sijafanya kitu."

Hakulala. Kulipokucha akafunga safari kwenda kumweleza baba mkwe wake yote, na mzee hakumfokea.

"Umemuulia mama wa bwawani watoto wake," alisema. "Atakuja. Ila yeye ana adabu kuliko wewe, haingii asipokaribishwa. Akipiga hodi, msimwitikie."

Bwana Vyura akakimbia, jua la saa sita likimchoma utosi, akiapa moyoni kwamba leo atamwambia mkewe kila kitu, amkumbatie mwanawe, wafunge mlango, lakini alipokata kona aliona nyayo za maji zikielekea nyumbani kwake, nyembamba, mbichi bado, zikakoma mlangoni ambapo hapakuwa na mtu, ila harufu ile tu na sauti ya mwanamke aliyelia mpaka akachoka.

"Hodi."

Alifumbua mdomo apige kelele, sauti isitoke. Na binti yake alikuwa mtoto wa adabu. Yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kupokea wageni.

"Karibu, mama," mtoto akaitikia kutoka ndani. "Pita tu."