Ufunguo wa Pili wa Semeni

Enzi za Mwingereza, Ijumaa moja baada ya mavuno, baraza ya duka la Dhanji pale Mohoro ilijaa watu waliorudi kutoka madunguni, ambako walikaa miezi wakiwinga ndege kwenye mpunga. Semeni alipenya katikati yao, kanga yake ya rangi ya bizari ikimkaa vizuri, na mwenyewe alijua. Akaomba kitasa kipya cha mlango.

Pembeni aliketi Muhidini, fundi wa funguo, kofia ya kiua kichwani, tupa mkononi. Akamuuliza kama ufunguo unazunguka mlango ukiwa wazi. Semeni akasema unazunguka kwa kukwaruza, lakini mlango ukirudishwa haufungi kabisa.

"Basi kitasa hakijafa, dada. Mlango ndio umeshuka. Usinunue."

Dhanji akamkata jicho. Semeni akacheka, fundi anayemharibia mwenye duka biashara hakuwahi kumwona.

Alasiri Muhidini akaenda kuutazama, na Mwanahalima, shangazi yake Semeni, akatandika mkeka kibarazani ili watu wasipate la kusema. Skrubu za bawaba ya juu zilikuwa zimelegea, na ulimi wa kitasa uligonga chini ya tundu lake. Akauinua mlango kwa kabari, akajaza vijiti kwenye matundu ya skrubu, akakaza. Kisha akafungua kitasa na kukuta uji mzito wa mafuta ya nazi na pumba. Mohoro nzima ilikuwa na mtindo huo: kabla ya kwenda dunguni, kila mtu alikipaka kitasa chake mafuta ya nazi, akidhani anakitunza.

"Mafuta ya nazi ni ya nywele," alisema. "Kitasa kioshe kwa mafuta ya taa, kikauke, ukitilie unga wa penseli."

Wiki mbili baadaye kitasa kikagoma tena. Muhidini akakinusa.

"Nani kakipaka nazi?"

"Panya," alijibu Semeni, akitazama kando.

Tangu siku hiyo walipendana, na hawakujificha sana.

Lakini Semeni alikuwa na kidonda. Mumewe wa kwanza, Mfaume, alikuwa akimfungia ndani na kutembea na ufunguo kiunoni. Miaka mitatu aliiona Mohoro kupitia dirishani. Alipopata talaka, akarudi katika nyumba aliyoachiwa na mama yake, na ufunguo wake hakumpa mtu.

Siku moja akampelekea Muhidini vitumbua barazani kwa Dhanji. Ndani ya sanduku la vyuma akaona ufunguo mpya, meno yake sawasawa na ya ufunguo wake.

"Huu wa mlango gani?"

"Wako. Nilitaka..."

"Ulitaka kuingia bila kuniuliza."

Akaondoka na vitumbua vyake. Na kweli fundi alikosa. Ufunguo wa mtu hauchongwi bila ruhusa. Kesho yake Muhidini akapanda lori kwenda kutafuta kazi Kibiti.

Masika ikapita. Semeni aliporudi kutoka dunguni, mlango ulikuwa umeshuka tena. Akauinua mwenyewe kwa kabari, akazungusha ufunguo, ukakatika shingoni. Kipande akakitoa kwa sindano ya kushonea mikeka, lakini nyumba ilibaki imefungwa na yeye yuko nje.

Akaenda kwa Dhanji. Mzee akafungua saraka na kumpa bahasha iliyofungwa kwa lakiri. Muhidini aliiacha asubuhi ile ya safari, akasema ufunguo wa Semeni una ufa shingoni. Siku utakapovunjika apewe huu mpya uliomo bahashani, na mwingine yeyote asiuguse. Semeni alilia palepale dukani mbele ya wateja.

Semeni akatuma ujumbe kwa Mshamu, dereva wa lori la Kibiti. Siku ya tatu Muhidini akasimama nje ya mlango uliokuwa wazi, akapiga hodi.

"Kwa nini hukuniambia ufunguo una ufa?"

"Nilitaka kukushangaza, nikakutisha. Nisamehe."

"Na mimi sikukusikiliza. Nisamehe."

Muhidini akavua kofia. Akasema angependa kupeleka posa kwa shangazi, kama yeye Semeni ataridhia. "Na ufunguo ukae kwako. Mimi nitapiga hodi."

Semeni akaufungua ufunguo kutoka pindo la kanga na kumwekea kiganjani.

"Chonga mwingine mfano wa huu, uwe wako. Mume gani anapiga hodi kwake?"

Muhidini akaketi kizingitini, akatoa tupa.