Viatu vya Kanali

Rafiki yangu Mwero, anayesambaza gesi Mwabungo, si mtu wa porojo. Jioni hiyo alimpelekea mtungi kanali mstaafu, mgeni aliyekuwa akiandika historia ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya nchi alikotoka. Kanali aliwahi kumtambia: "Mateka niliwavua viatu, nikawamalizia mtoni."

Stima zilikuwa zimepotea, giza totoro. Mwero akapiga hodi.

"Karibu ndani!" kanali akaitikia.

Alipoinama kuvua ndara, akasikia miguu mitupu, iliyolowa, ikimpita kuingia ndani. Mingi mno. Kisha sauti ya kanali ikatetemeka: "Haya, navua."

Stima ziliporudi, nyumba ilikuwa tupu. Mlangoni, kando ya ndara za Mwero, palikuwa na viatu vya kanali, vimejaa tope jeusi la mtoni.